Kipande cha Arobaini na Moja

Asubuhi hiyo nilikuwa nakwangua ukungu ulioganda kwenye kioo cha jokofu kwa rula ya plastiki, kwa sababu saa tatu darasa la saba kutoka Uru walikuwa wanakuja kuona mlima.

Ndivyo tulivyosema pale kwenye ghala la barafu. Kuona mlima. Kibo yenyewe ilikuwa nje, kubwa kama siku zote, ila nyeusi kuanzia chini mpaka juu, na watoto wa siku hizi wakiichora wanapaka kahawia hadi kileleni. Barafu yote iliyobaki ya Kilimanjaro ilikuwa ndani ya jokofu lile. Kipande kimoja, kirefu kama mkono wangu, kinene kama chupa ya chai. Namba arobaini na moja.

Vingine arobaini tulishavisoma. Na barafu ukiisoma, inaisha.

"Ndeki, kwangua vizuri pale juu," Makame alisema. Makame ndiye fundi wetu wa mitambo. Ni mtu wa Pemba, ana miaka sita Moshi na bado anavaa makoti mawili. "Nimewawekea watoto taa mpya. Wakija waione inang'aa, siyo kama samaki wa juzi."

Mimi siongei sana, watu wa ghalani walishazoea. Nikapanda kwenye stuli, nikakwangua pale juu, na ile taa mpya ikapenya mpaka kwenye uso wa kipande, pale kilipokatikia siku kinatolewa mlimani.

Palikuwa na pengo. Dogo, la pembe tatu, kama mtu aliyeng'oka jino la mbele. Na pembeni ya pengo, mkwaruzo uliopinda kama jembe.

Nilishuka kwenye stuli taratibu. Jino la pengo lile nilikuwa nalijua.

Wiki tatu nyuma, kabla hatujasoma kipande cha arobaini, nilichukua nakala za ncha zake mbili kwa nta, kama fundi wa meno anavyochukua umbo la meno. Ni kazi yangu. Nikaenda kabatini, nikazitoa. Kwenye nakala moja kulikuwa na jino la pembe tatu limetokeza, na mkwaruzo uliopinda kama jembe.

Vipande vya nguzo ya barafu vinaoana kama vigae vya sahani iliyovunjika. Cha juu ni kipya, cha chini ni cha zamani. Ncha ya chini ya arobaini lazima ikae na ncha ya juu ya arobaini na moja. Hakuna namna nyingine.

Nikageuza ile nakala ya nta nione nilichoandika nyuma yake kwa kufuata mfuniko wa bomba lake la kuhifadhia. Mwandiko ni wangu, kalamu ya bluu.

JUU.

Watoto wa Uru wakaingia wakiwa kwenye mstari. Kila mmoja aliweka kiganja kwenye kioo akahesabu mpaka kumi, wengine wakadanganya wakahesabu mpaka ishirini. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni na nta mkononi.

*

Ngoja niseme kusoma ni nini.

Mashine inakwangua barafu, tabaka jembamba kuliko unywele, kuanzia chini kwenda juu, yaani kuanzia zamani kuja huku. Kila tabaka inaliyeyusha. Vipovu vya hewa vinaiambia hewa ilikuwaje. Vumbi linaiambia upepo ulitoka wapi. Maji yenyewe, kwa uzito wake, yanaiambia mvua ilinyesha kiasi gani na joto lilikuwa nyuzi ngapi. Halafu mashine inayatuma hayo yote kwenye Chumba cha Mvua, na mle ndani hali ya hewa inarudi. Siyo picha. Ukisimama mle unalowa kweli. Mwaka mzima unapita kwa sekunde kumi: masika, kiangazi, vuli, kiangazi.

Kipande kimoja kina miaka tisini. Dakika kumi na tano, basi. Na hakirudiwi, kwa sababu kimeshakuwa maji kwenye ndoo.

Kipande cha arobaini nilisimama mimi. Kwa dakika sita nililowa mpaka soksi. Halafu mvua ikaanza kupungua, ikakosa vuli, ikakosa masika, na dakika tisa zilizobaki zikawa vumbi tu, vumbi jekundu linaloingia mpaka kwenye meno. Nikatoka, nikaandika ripoti: miaka thelathini na mitano ya mvua, kisha miaka hamsini na mitano ya ukame, mpaka mwisho wa kipande. Juu yake, ncha ya chini ya thelathini na tisa ilishayeyuka umeme ulipokatika zamani. Kwa hiyo hakuna aliyejua kama ule ukame uliisha.

Nikatia saini. Ndekirwa Mrema, msomaji.

Baraza la Maji walikuwa wanasubiri karatasi ile tu. Ukame wetu sisi una miaka hamsini na nane. Chemchemi zinazolisha Kahe zimebaki jasho. Baraza wakasema, barafu yenyewe imeonyesha, ukame wa namna hii haurudi nyuma. Mfongo mkuu, mfereji unaoshusha maji Kahe, uzibwe kwa zege, maji kidogo yaliyopo yabaki juu, watu elfu sita wahamishwe. Kura ingepigwa kesho yake ya siku ile ya watoto wa Uru, saa nne asubuhi.

Mama yangu anakaa Kahe. Nilipompigia kumwambia kabla hajasikia redioni, alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Kumbe nilikusomesha uje unihamishe." Tangu siku hiyo hajapokea simu yangu wala kujibu ujumbe.

Sasa nilikuwa na nta mkononi, na nta inasema tulisoma kipande kichwa chini. Mvua haikuishia kwenye vumbi. Vumbi ndilo lililoishia kwenye mvua.

*

Mzee Tumsifu, mkuu wa ghala, alikuwa ofisini anakula ndizi za kuchoma. Nikamwamkia, nikaweka nakala mbili za nta mezani, na picha ya uso wa arobaini na moja kwenye simu. Nikamwonyesha jino. Nikamwonyesha pengo.

Aliangalia. Akaacha kutafuna.

"Nani mwingine ameona?"

"Wewe tu, Mzee."

Akafuta mikono kwa gazeti, kidole kimoja kimoja. Mzee Tumsifu, kabla ya kuwa mkuu, alikuwa mgumu, ndivyo wanavyoitwa wabebaji mizigo wa mlima. Ni mmoja wa wale kumi na sita walioishusha barafu ya mwisho. Picha yao iko mlangoni, wamebeba kichwani mabomba yenye barafu ndani, hakuna anayecheka.

"Tulikuwa tunalia," akasema. "Hakuna aliyekwambia hilo. Wanaume wazima. Tulipofika kambi ya kwanza tukayalaza mabomba chini, na mtu mmoja akasema, jamani, hii ni maiti. Na kwetu maiti inalazwa inaangalia Kibo. Basi tukayalaza yote hivyo, upande wa juu ndio kichwa, unaangalia Kibo. Asubuhi tukafungua mifuniko kuona kama barafu inavuja. Kazi ya kufunga ilikuwa yangu."

Akainua nakala moja ya nta. Akairudisha mezani.

"Mfuniko ulioandikwa JUU nikaufunga upande unaoangalia Kibo. Mabomba yote. Sikutazama barafu. Nitazame nini? Kichwa kinaangalia Kibo, nani asiyejua? Kama kuna mtu alilaza bomba moja vibaya jioni kwa uchovu..." Akasukuma sahani. "Miaka thelathini na nane nimewaambia watoto kwamba tuliishusha kwa heshima."

"Mliishusha kwa heshima, Mzee. Ndiyo shida."

Sijui nilitoa wapi maneno hayo. Aliniangalia kama stuli imeongea.

"Haya," akasema. "Peleka nta zako kwenye Baraza."

"Watasema mimi ni mtu wa Kahe. Watasema nimechonga nta nimtetee mama yangu."

"Watasema hivyo."

"Kuna kitu kimoja tu hawawezi kusema kimechongwa." Nilikuwa naangalia sakafu. "Kama niko sawa, arobaini na moja itaishia kwenye vumbi. Vumbi lile lile. Kama nimekosea, itaishia kwenye mvua, ile ile tuliyoanza nayo tulipoisoma arobaini. Dakika kumi na tano tutajua."

Mzee Tumsifu alisimama akaenda dirishani, akanipa mgongo.

"Wale watoto waliotoka hapa sasa hivi. Umewauliza?"

"Hapana."

"Na wa mwakani? Watakuja, tuwawekee nini kwenye kioo, ndoo ya maji? Tuliahidiana, Ndekirwa. Watu kumi na sita, tumeshikana mikono. Hata wakisoma vyote, cha mwisho kisiguswe. Mtoto wa mlima huu akitaka kujua babu zake walikuwa wanaangalia nini, aguse. Ukikiyeyusha, hakuna tena. Siyo hapa, siyo popote. Halafu ukikuta umekosea? Umeua na mlima, umeua na Kahe."

Hilo la mwisho ndilo lililoniuma. Kwa sababu lilikuwa kweli. Kipande kile hakikuwa changu. Hakikuwa cha Mzee pia. Nilifikiria viganja vya wale watoto, yule mdogo mwenye kaptula kubwa aliyehesabu taratibu makusudi ili azidishe. Nikafikiria mtoto wake yeye, siku moja, hana cha kugusa.

Halafu nikafikiria saini yangu.

"Sijawauliza watoto wa Uru," nikasema. "Na wa Kahe sikuwauliza nilipotia saini. Hakuna aliyewauliza. Mzee, barafu hii ikibaki kwenye kioo, itabaki kama ushahidi kwamba tulikuwa nayo tukaogopa kuiuliza. Mimi sitaweza kuisimulia hiyo kwa mtu."

Nje kulikuwa na mtu anafyeka majani, fyu, fyu, fyu.

"Mpigie Mama Sifaeli," akasema bila kugeuka. "Mwambie aje na viatu vibovu."

*

Mama Sifaeli Mlaki, mwenyekiti wa Baraza la Maji, alikuja saa nane na viatu vizuri.

"Nimeitwa kuogeshwa," akasema mlangoni. "Mimi mwenyewe kwangu maji yanatoka mara mbili kwa wiki, kwa hiyo asanteni."

Mzee Tumsifu alikuwa anamsubiri pale barazani, na mkononi ameshika jani la sale alilolikata kwenye ua. Mama Sifaeli alipoliona, utani ukamwisha. Kwetu mtu akikuletea sale anakuomba msamaha, na kulikataa si jambo dogo. Mzee akamweleza habari ya kambi na mifuniko, yote, bila kujipunguzia. Kisha akamnyooshea jani kwa mikono miwili.

Mama Sifaeli hakulipokea. "Hili siyo langu, kaka. Kama ni kweli, wapelekee Kahe. Na kama siyo kweli, lirudishe kwenye ua, tutaongea mengine." Akanigeukia. "Wewe ndiye uliyesaini?"

"Ndiyo, mama."

"Na ni wewe unayekana?"

"Ndiyo, mama."

"Mwenye kwao Kahe."

"Ndiyo."

"Mh," akasema, akavaa koti la mvua.

Mzee Tumsifu mwenyewe ndiye aliyekitoa kipande kwenye jokofu. Alivua glavu. Akakishika kwa mikono mitupu, akahesabu kwa sauti ndogo mpaka kumi, halafu akampa Mama Sifaeli, halafu mimi. Nilikuwa nimefanya kazi ghalani miaka miwili na sijawahi kukigusa bila kioo. Kilichoma. Kilinata kidogo kwenye ngozi, kama kinakataa kuachia.

Tukakitia kwenye mashine. Ncha yenye pengo juu. Mama Sifaeli akaangalia mwenyewe, akaweka alama kwa kalamu yake mwenyewe. Tukaingia Chumba cha Mvua, watu watatu, Makame akabaki nje kwenye mitambo.

"Naanza," sauti yake ikasema kwenye kipaza sauti. "Mungu atusitiri."

Baridi ikaja kwanza. Halafu mvua.

Sijui nikuelezee vipi masika ya zamani zile. Ni mvua nzito, yenye harufu ya majani yanayooza na kitu kama chuma. Ikapiga makoti, ikakatika, jua likawaka sekunde mbili, vuli ikaja nyembamba na upepo, ikakatika. Mwaka. Tena. Tena. Maji yakapanda juu ya vifundo vya miguu. Viatu vya Mama Sifaeli vikaisha hapo hapo.

"Mwaka wa ishirini," Makame akasema.

Mvua nzuri. Mwaka wa arobaini, mvua nzuri. Mzee Tumsifu alikuwa ameinua uso, amefumba macho, maji yanamtiririka kwenye ndevu. Mwaka wa sitini kulikuwa na masika moja kubwa mpaka tukashikana mabega tusianguke.

Na mimi, mtoto wa Kahe, niliyelelewa na mama anayeamka saa kumi kusubiri zamu ya maji, nilikuwa nimesimama kwenye mvua nikiiomba ikome.

"Mwaka wa sabini na tano. Kimebaki upana wa kiganja na nusu."

Mama Sifaeli akaniinamia sikioni. "Mvua nzuri," akasema. Hakuwa ananikejeli, nadhani. Mwaka wa sabini na nane, mvua. Sabini na tisa, mvua. Nikaanza kuona mambo yatakavyokuwa: ndoo ya maji, kioo kitupu, zege likimwagwa kwenye mfongo, na jina langu kwenye karatasi mbili.

"Mwaka wa themanini. Kimebaki upana wa kiganja."

Mvua. Ila vuli haikuja.

Nilidhani nimekosea kuhesabu. Jua likawaka, likaendelea kuwaka. Masika ikaja imechelewa, ikanyesha kama mtu anayekung'uta mikono, ikaacha. Maji chini yakaanza kushuka kwenye matundu, hayaongezeki. Vuli haikuja tena. Masika haikuja.

Halafu upepo ukageuka, ukatoka kaskazini, mkavu, na kitu kikanigonga kwenye meno.

Vumbi.

Vumbi jekundu, jembamba, likatulia juu ya makoti yaliyolowa likawa tope. Likaingia kwenye miwani ya Mama Sifaeli. Likajaa kwenye ndevu za Mzee. Mwaka mmoja, miwili, mitano, tisa, vumbi, vumbi, vumbi, na mimi nilikuwa nacheka kwa sauti ambayo sikuijua kuwa ninayo.

"Mwisho wa kipande," Makame akasema. Tukamsikia anapekua karatasi. "Jamani. Vumbi hili na lile la arobaini ni moja. Madini yake yanalingana mpaka tarakimu ya nne. Ukame umeanzia hapa. Ule kule ni mwendelezo wake. Tisa na hamsini na tano, miaka sitini na nne. Baada ya hapo, ile mvua iliyomlowesha Ndeki mpaka soksi."

Feni zikazimika. Mama Sifaeli alivua miwani akaifuta kwa kitambaa, akazidi kuichafua.

"Ukame uliisha," akasema.

"Uliisha, mama," nikasema. "Chemchemi zilirudi."

Mzee Tumsifu alikuwa ameketi chini kabisa, kwenye maji na tope, mkuu mzima wa ghala. Alikuwa analia na anacheka, na sikuweza kujua kipi kilianza. Mama Sifaeli akampa mkono akamwinua.

"Simama, kaka. Una safari ya Kahe na jani lako." Akanigeukia mimi. "Na wewe kesho unasimama mbele unasema."

"Mimi siwezi kuongea mbele za watu, mama."

"Umeweza kutuogesha tope. Utaweza."

*

Nilisimama. Ukumbi ulijaa, watu wengine wakakaa madirishani. Nikashika meza. Nilisema jina langu na kwetu, nikasema nilitia saini kwenye kosa, nikaonyesha jino na pengo. Nikawaambia barafu haiahidi kitu. Haikusema mvua itarudi lini. Imesema tu kwamba mlima huu umewahi kukauka miaka sitini na nne, na chemchemi zikarudi, na kama wangekuwepo watu wenye zege wakati ule, zingerudi zikakuta mfongo umezibwa.

Nikasema pia kwamba hakuna tena barafu. Mtu mmoja nyuma akavua kofia.

Kisha Mama Sifaeli akaita kura. Wanaotaka mfongo uzibwe: mikono minne. Wanaotaka ubaki wazi na maji yagawanywe kwa zamu, juu na chini: sikuweza kuhesabu, kwa sababu wanawake wa Kahe walishaanza vigelegele, na Makame alikuwa amevua makoti yote mawili anayapeperusha.

Mzee Tumsifu alipita kwenye mstari wao na jani lake. Bibi mmoja alilipokea, akamshika kichwa kwa mikono yote miwili.

Niliangalia kila uso kwenye mstari ule. Mama hakuwepo.

"Amebaki," jirani yake akaniambia. "Alisema hawezi kukaa akusikie unasoma tena. Tulimwacha anang'oa mabati ya paa la jikoni, tayari kuhama."

Nikatoka nje, nikakaa kwenye ngazi. Kibo ilikuwa wazi, nyeusi, haina wingu. Nikaandika, nikafuta, nikaandika tena.

"Mama, ni Ndeki. Nilikosea, tulisoma kichwa chini. Leo nimesema mbele ya watu wote. Mfongo hauzibwi. Usitoe bati lingine, nakuja kesho kukusaidia kuyarudisha."

Nikatuma. Ndani walikuwa bado wanaimba. Simu ikaonyesha umefika, na baada ya muda ikaonyesha umesomwa. Niliishika mkononi mpaka watu wakaanza kutoka, mpaka ukumbi ukafungwa, na haikulia.